Kobe Amegoma Kula: Daktari wa Mifugo Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu barua za kobe zimezidi za mbwa na paka, na karibu zote zina kilio kimoja: kobe hali chochote. Nimechagua nne. Kabla hujaitafuta yako, niseme jambo ambalo nitalirudia kila ninapoweza: kobe aliyegoma kula mara nyingi hana ugomvi na chakula unachomwekea. Ana shida na mahali anapoishi, au kuna kitu kinamsumbua ndani. Ukibadilisha mboga kila siku bila kushika kipimajoto, unapoteza siku ambazo yeye anazihitaji.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu, nimehamia Njombe mjini mwezi wa tatu. Nina kobe mwenye gamba la manjano na madoa meusi, urefu wake kama sentimita 25. Kaka yangu alimwokota shambani kwake Dodoma miaka miwili iliyopita, akanipa nije naye huku. Alikuwa hachagui: nyanya, kabichi, ndizi, hata mkate watoto wakimpa. Tangu mwanzoni mwa mwezi wa sita hajala kitu. Anakaa nyuma ya kochi, macho kafumba. Nimejaribu tikiti, tango na maziwa. Jirani mmoja anasema huo ni usingizi wa baridi, nimwache mpaka mwezi wa tisa. Mwingine kanishauri nimchome dawa ya minyoo ya ng'ombe, anayo kwake. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanza na dawa ya minyoo kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kumuua leo. Sindano nyingi za minyoo ya ng'ombe na mbuzi zinazouzwa kwenye maduka yetu ya pembejeo zina ivermektini. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Kwa kobe ni sumu: inamlegeza miguu na shingo, kisha inapooza misuli anayopumulia, na ikishaingia mwilini hakuna dawa ya kuitangua. Jirani ana nia njema, mshukuru, lakini sindano ibaki kwake. Minyoo ya kobe inatibika kwa dawa nyingine, baada ya kinyesi kuangaliwa kwa hadubini, na kwa kipimo kinachotokana na uzito wake yeye.

Sasa huo usingizi. Kweli wapo kobe wanaolala miezi mfululizo, kama wale wa kusini mwa Ulaya ambao majira yao ya baridi ni makali. Wako, kwa gamba ulilolieleza na mahali alipotoka, ni kobe wa madoa wa nyika zetu, na huyo halali msimu mzima. Dodoma asubuhi ikiwa na baridi hujificha kichakani. Jua likipanda hutoka, akaota, akala. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Njombe inakaribia 2,000, na miezi ya Juni na Julai mnaijua wenyewe. Hamkumhamisha mkoa tu, mmemwondolea jua lake.

Kobe hatengenezi joto la mwili kama sisi. Hulipata kwenye jua na kwenye ardhi iliyopashwa na jua. Sebule yenye nyuzi 14 au 15 inamweka pabaya sana: tumbo lake haliwezi kusaga kitu, na huku mwili unaendelea kula akiba yake polepole. Kile alichokula mwishoni mwa mwezi wa tano huenda bado kimo tumboni, kinachacha. Ndiyo maana hataki kingine. Na ndiyo maana nakuomba sana usimlazimishe. Wanaombana kobe kinywa kwa kijiko wakamsukumia uji nimewaona wengi, na mara nyingi ninaletewa mnyama mwenye mapafu yaliyoingiwa na maji. Tundu lake la hewa liko hapohapo nyuma ya ulimi, na hana uwezo wa kukohoa akakitoa kilichoingia.

Fuata mpangilio huu: joto kwanza, maji pili, chakula mwisho.

Nunua kipimajoto cha ukutani, ukilaze sakafuni pale anapokaa, maana joto la kifuani kwako si joto la chini. Kisha mtengenezee sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Upande mmoja ning'iniza balbu ya zamani inayochoma, siyo hizi za kubana matumizi, ishushwe mpaka sehemu iliyo chini yake ifikie nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili uwe kwenye 24 au 25, ili achague mwenyewe. Ukilipasha sanduku zima kwa joto moja umemnyima uwezo wa kukimbia joto likimzidi. Usiku lisishuke chini ya 18. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwenye taulo, zipange pembeni yake. Jiko la mkaa usiliingize ndani kabisa. Hewa yake inaua watu waliofunga madirisha, sembuse kobe. Siku yenye jua la kweli, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mtoe kwenye nyasi, penye kivuli cha kukimbilia na pasipo mbwa.

Siku hiyohiyo ya kwanza, akishapata joto, mwogeshe. Beseni, maji ya vuguvugu ambayo kiwiko chako hakisikii moto wala baridi, kina kiishie pale gamba la mgongo linapokutana na la tumbo, kichwa kikae juu ya maji bila kujitahidi. Dakika 20 hadi 30 kila siku, ukiongeza vuguvugu yanapopoa. Wengi hunywa wakiwa humo, na hujisaidia humo humo. Usimwage upesi; chunguza. Mkojo wa kobe una sehemu nyeupe. Ikiwa laini kama dawa ya meno, maji mwilini yanatosha. Ukiisugua kati ya vidole ukasikia chembechembe, amekauka, na kobe aliyekauka hali. Mara nyingine hizo chembe huungana zikawa jiwe kwenye kibofu, nalo huonekana kwa eksirei tu.

Chakula nacho kibadilike. Mkate, maziwa na ndizi vimemfikisha pabaya hata bila baridi. Huyu ni mla nyasi. Tumbo lake limejaa vijidudu vya kuchachusha nyuzinyuzi, na sukari ya matunda inavivuruga. Maziwa hana hata uwezo wa kuyasaga. Mpe ukoka uliochumwa mahali pasipopuliziwa dawa, mchunga, majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforosadi, na kipande cha mpungate kilichoondolewa miiba ukikipata. Matembele na mchicha mara mojamoja tu, kwa sababu vina tindikali inayoshika chokaa mwilini. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu. Parachichi lenu la Njombe ni sifa ya mkoa, lakini kwake hapana pia. Akiwa na joto na maji, weka lundo dogo la ukoka lenye umande na ua moja jekundu la hibiskasi juu yake, kisha ondoka. Kobe huvutwa na rangi na harufu, lakini hapendi kusimamiwa.

Mpime uzito leo kwenye mizani ya jikoni, uandike, kisha kila wiki. Na kwa kuwa mwezi umeshapita hajala, usikae kusubiri matokeo ya sanduku peke yake. Anza leo, na wiki hii hii atazamwe na daktari wa mifugo. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mbali na Njombe, lakini daktari wa wilaya yako anaweza kuwapigia simu kwa ushauri, na Morogoro kwenyewe ni joto kuliko kwenu. Akisafirishwa, awe kwenye boksi lenye matundu na chupa ya maji ya moto, asitiwe kwenye gunia.

Jambo la mwisho kwako, nalisema kwa upole. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kobe ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya umweleze ulivyompata. Usimwachie msituni Njombe kwa kuogopa. Si hali ya hewa yake, na huenda akawapelekea wenzake maradhi aliyoyapata nyumbani. Kaka yako naye aambiwe kobe wa shambani aachwe shambani.

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Sisi asili yetu Unguja, tunaishi Maskati. Mume wangu aliwanunulia watoto kobe sokoni mwaka jana, kadogo, katoshea kiganjani. Muuzaji alisema ni wa Afrika, atakuwa mkubwa kidogo. Tumemweka kwenye tangi la kioo karibu na dirisha apate jua, maana nje hakukaliki sasa. Anakula letasi na tango. Wiki mbili sasa anainusa tu letasi, haigusi. Gamba limeota vilima, na nikimbonyeza mgongoni naona kama panabonyea. Viyoyozi vinawashwa mchana na usiku.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Hilo neno "panabonyea" limenishtua kuliko hiyo letasi. Gamba la kobe ni mfupa. Likibonyea chini ya kidole, mifupa yote imekosa chokaa, na taya ni mfupa pia: huenda anataka kula na hawezi kung'ata. Mpelekeni kwa daktari wa wanyama kesho. Atahitaji chokaa kwa kipimo, pengine kwa sindano, na eksirei ya kuona hali ya mifupa.

Jua mlilompa halikumfikia. Mwanga unapita kwenye kioo cha dirisha, lakini ile miale ya urujuanimno ambayo ngozi yake huitumia kutengenezea vitamini D inazuiwa na kioo. Bila vitamini hiyo, hata akila chokaa mwili hauichukui. Kwa hiyo nunueni taa maalumu ya reptilia yenye miale hiyo, iwake saa 12 kwa siku bila kioo wala plastiki kati yake na yeye, kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi lake, na ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inang'aa, maana miale hufa kabla ya mwanga. Tangi la kioo ningeliacha. Kobe haelewi kioo, hushinda akikisukuma.

Kiyoyozi kinamwonea mara mbili: kinampoza, halafu kinakausha hewa. Vile vilima mgongoni kwa kobe mchanga hutokana sana na ukavu. Mtengenezeeni kijumba kidogo ndani ya boksi lake, chenye udongo unaolowanishwa, alale humo, kwa sababu porini wa aina yake hushinda kwenye mashimo yenye unyevunyevu. Mwogesheni kila siku kama nilivyomweleza mwalimu wa Njombe. Chumba chake kisiwe na kiyoyozi.

Jua la kweli apewe alfajiri likichomoza na jioni kabla ya Magharibi, nusu saa, penye kivuli. Mchana wa Maskati miezi hii unazidi nyuzi 40, na kobe aliyeachwa juani bila kivuli hufa kwa muda mfupi sana, tena mdogo ndiye huwahi.

Letasi na tango ni maji matupu. Nyasi mbichi, majani makavu ya malisho yaliyokatwakatwa na kurowekwa kidogo, majani ya hibiskasi yanayopandwa kwenye bustani za huko, ndiyo yawe chakula. Nendeni soko la samaki la Matrah muombe mifupa ya ngisi, wauzaji wanaitupa. Lowekeni siku kadhaa mkibadilisha maji mpaka chumvi iishe, anikeni, mwekeeni kipande akitafune anapotaka.

Kuhusu "mkubwa kidogo" ya muuzaji: kwa maelezo yako nadhani huyu ni kobe wa Saheli, yule wa ukingo wa kusini mwa Sahara. Akiwa mzima anaweza kuzidi kilo 50, akachimba shimo la mita kadhaa chini ya ukuta wenu, na akaishi mpaka wajukuu wenu. Zungumzeni mapema mwenye yadi kubwa ni nani kwenye familia. Sisemi haya kuwavunja moyo, nasema kwa sababu wengi wanatupwa barabarani wakishafika kilo 20.

SWALI: Daktari salama? Niko Likoni. Tuna kobe jike ambaye marehemu babangu alimwacha, tuna kibali chake cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Hajala siku tisa. Hatulii, anazunguka yadi usiku na mchana, anakwangua chini kwa miguu ya nyuma mpaka kucha zinatoka damu. Tulitia kabro, yale matofali ya kutandaza chini, yadi nzima mwezi wa nne. Hana dume tangu zamani, kwa hivyo si mimba. Je, ni kichaa cha joto?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na pole kwa msiba wa baba. Umenipa jibu mwenyewe: kabro. Huyu ana mayai na hana pa kuyafukia. Kukosa dume hakuondoi mayai. Kobe jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miaka, na hata bila mbegu hutengeneza mayai yasiyoangua. Yakishajaa, tumbo halibaki na nafasi ya chakula, na akili yake yote iko kwenye kutafuta udongo.

Ng'oa kabro leo kwenye kona inayopata jua la asubuhi, eneo la mita mbili kwa mbili. Chimba, jaza udongo uliochanganywa na mchanga, kina kisipungue sentimita 40, lowesha kiasi ili shimo lisibomoke akichimba. Funga mbwa, wazuie watoto, asisogelewe. Zile kucha zisafishwe kwa maji ya chumvi kidogo. Wengi hutaga ndani ya siku moja au mbili wakipata udongo, na jioni hiyohiyo wakarudia kula kwa pupa.

Lakini akiacha kukwangua akawa mnyonge bila kutaga, au siku tatu zikapita, apigwe eksirei. Wakati mwingine yai limevunjika ndani, limekaa upande, au ni kubwa mno kupita. Ipo sindano ya kusukuma mayai, nayo ni nzuri mikononi mwa daktari aliyekwisha kuona picha. Ikichomwa wakati njia imeziba, yai hupasuka ndani. Mtu asikuchomee nyumbani bila picha. Halafu hiyo kona ibaki ya udongo daima. Atataga tena, pengine msimu huu huu.

Mayai yakitoka, usiyaangue kabla ya kuzungumza na KWS. Kibali chako ni cha huyo mmoja.

SWALI: Habari Daktari, naandika kutoka Leicester, Uingereza. Kobe wangu wa Ulaya aliamka usingizini mwezi Machi, na tangu hapo anakula kidogo kidogo. Mwezi huu ameacha kabisa. Puani anatoa povu, na akipumua anasukuma shingo mbele. Nina antibiotiki zangu zilizobaki, nimpe robo? Nilimnunulia mwenzake mwezi Mei.

JIBU: Antibiotiki zako zirudishe famasia, usimpe. Povu puani pamoja na kusukuma shingo ni dalili za njia ya hewa, pengine mapafu, na kwa kobe nimonia huenda kimyakimya mpaka inakuwa imechelewa. Akifungua kinywa ili apumue, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili. Kobe hunusa kabla ya kung'ata. Pua ikiziba chakula hakina maana kwake, kwa hiyo usihangaike na menyu sasa. Mpashe joto, mahali pa kuota pawe nyuzi 32 hivi, na usiku pia pasipoe, maana kinga ya mwili wake nayo inategemea joto. Mpeleke kwa daktari anayejua reptilia, umwombe achunguze kinywani kama kuna vidonda au utando wa njano, na achukue sampuli za maikoplazma, yaani bakteria wa njia ya hewa, na virusi vya hepesi.

Huyo mwenzake wa Mei ananitia wasiwasi. Kobe wa aina au asili tofauti wakichanganywa, mmoja huweza kuwa amebeba virusi bila kuumwa, mwingine akaanguka. Watenganishe leo: vyumba viwili, mabeseni mawili, unawe mikono katikati. Na huyu mgonjwa asilazwe usingizi wa baridi mwaka huu hata akipona Septemba. Akae macho kwenye joto na taa mpaka masika, uzito wake ukiandikwa kila wiki. Majibu ya maabara yakitoka niandikie, na usisahau kumpima yule wa pili hata kama anakula vizuri.